Mtungi wa Maji na Homa ya Chikungunya

Katika miaka ya 1952 na 1953 wakazi wa uwanda wa juu wa Makonde, katika sehemu za Newala na Masasi, walishikwa na homa ya ghafla yenye maumivu makali ya viungo. Wagonjwa wengi walishindwa kusimama wima. Neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja ndilo lililoupa ugonjwa jina lake: chikungunya. Mwaka 1955 madaktari Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walichapisha maelezo ya mlipuko huo.

Kwa nini uwanda wa juu? Huko maji ya mvua huzama chini sana, na chemchemi ni haba. Watu waliteremka mabondeni kuteka maji, wakayaweka nyumbani kwa siku nyingi. Mbu aitwaye Aedes aegypti, ambaye hueneza virusi vya homa hii, hupenda maji ya namna hiyo hasa. Kisiwani Lamu hali kama hiyo ilionekana mwaka 2004, wakati wa ukame: uchunguzi wa damu ulionyesha kuwa watu wapatao 75 katika kila 100 walikuwa wameambukizwa.

Maendeleo yamepatikana. Shirika la Afya Duniani limeuingiza ugonjwa huu katika orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyokuwa hayapewi kipaumbele. Chanjo mbili ziliidhinishwa Marekani, mwaka 2023 na 2025, ingawa leseni ya ile ya kwanza ilisimamishwa huko mwaka 2025. Hata hivyo, dawa ya kuviua virusi hivyo mwilini haijapatikana. Vifo ni vichache, lakini maumivu ya viungo yaweza kudumu miezi, hata miaka. Na homa yenyewe hudhaniwa kwa urahisi kuwa malaria.

Tena mbu huyu huuma mchana, hivyo chandarua cha usiku hakitoshi. Jike hutaga mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji. Mayai hayo huweza kukaa makavu kwa miezi mingi, kisha yakaanguliwa maji yanapoongezwa. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakufai. Chombo kikiisha maji hapana budi kisuguliwe ndani.

Lakini nani atamwaga maji aliyoyafuata bondeni? Mahali penye shida ya maji, kinga iliyo karibu ni kufunika mtungi na pipa kwa kitambaa kilichokazwa. Kinga ya kudumu ni maji ya bomba yasiyokatika.