Mpiga picha mpya asimalize mtaji kwenye kamera

Biashara ya picha haikufa pamoja na filamu. Kodak ya Marekani, iliyotamba kwa miaka mingi katika soko la filamu, iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake Januari 2012. Hata hivyo harusi, vipaimara na mahafali bado vinahitaji mpiga picha.

Kilichobadilika ni hesabu. Zamani mkanda mmoja ulitoa picha 36, na kila kosa lililipiwa kwa kusafisha na kuchapisha. Kwa kamera ya dijitali gharama hiyo haipo. Mtaji wote hutangulia kwenye vifaa.

Hapo ndipo wengi hukwama. Anayeanza humaliza fedha kwa kamera mpya, akakosa za lenzi na betri ya akiba. Betri ikiisha chaji bibi harusi akiingia ukumbini, hakuna cha kumwuzia mteja.

Kamera ya mtumba hupunguza mzigo, ila isinunuliwe kwa sura. Muuzaji aulizwe imepiga picha ngapi, kama gari linavyoulizwa kilomita. Shata ya kamera nyingi za daraja la chini hukadiriwa kudumu kwa picha 100,000 hivi. Lenzi nayo ikaguliwe kama ina ukungu, hasa mwambao kwenye unyevu.

Lenzi ya milimita 50 yenye uwazi wa f/1.8 ni nafuu na hufaa ukumbi wenye mwanga hafifu. Kwa mwenye mtaji mdogo, hiyo pamoja na kamera ya mtumba na betri mbili zinatosha kuanza kutafuta wateja.