Butura, Winga na Dubu: Maneno ya Wauzao Mali Isiyokuwapo Bado

Kusudi la makala haya ni kuyachungua maneno kadhaa yatumiwayo na watu wanunuao na kuuza kitu ambacho bado hakijafika mikononi mwao. Maneno ya namna hii hudhaniwa kuwa ni ya miji mikubwa tu, yenye masoko ya hisa kama London, New York na Nairobi, ambako wako watu wanunuao asubuhi na kuuza kabla jua halijachwa, wala hawapendi kulala na mali yoyote mikononi. Lakini mtafiti atakaye kuyafahamu maneno hayo vizuri hana haja ya kuanzia huko. Aweza kuanzia Rulenge.

Rulenge ni mji mdogo wa wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, katika nchi ya Bushubi, nao wajulikana mbali kwa sababu ya jimbo Katoliki lililochukua jina lake. Upande wa mashariki iko Biharamulo. Upande wa magharibi mipaka ya Burundi na Rwanda i karibu. Wenyeji husema Kishubi, na jirani zao Kihangaza, lugha mbili ambazo ni ndugu wa karibu wa Kirundi, Kinyarwanda na Kiha. Kiswahili ni lugha ya shule, ya ofisi na ya soko. Kahawa ni miongoni mwa mazao ya fedha ya wilaya hii, kama ilivyo katika mkoa mzima, na palipo na kahawa mkoani Kagera pana neno moja ambalo halina budi kusikika: butura.

Butura ni ununuzi wa kahawa ikingali mtini. Pengine ni punje mbichi, pengine ni maua matupu. Sababu yake yaonekana katika kalenda. Shule hufunguliwa mwezi wa Januari, na kahawa ya Kagera huvunwa katikati ya mwaka. Mzazi atakiwaye sare, madaftari na michango mwezi wa Januari ana mali, lakini mali hiyo ingali ua. Hapo hutokea mwenye fedha taslimu, akaitazama mibuni, akakadiria kwa macho au kwa kuhesabu miti, akataja bei. Chukua mfano wa kubuni: mkulima apewa shilingi 600 kwa kila kilo itakayopatikana, na msimu ufikapo bei ya chama cha ushirika ni shilingi 1,500. Zile shilingi 900 za katikati si zake tena. Bei ingeshuka hadi 500, mnunuzi ndiye ambaye angepoteza; lakini mnunuzi ndiye aliyetaja bei, tena alikwisha kuipunguza kwa kadiri ya hofu yake, kwa hiyo jambo hilo ni nadra.

Kwa umbo lake neno hili lafanana na majina ya ngeli ya bu- katika lugha za maziwa makuu, ambayo kwa Kiswahili yalingana na ngeli ya u-. Lakini lilipoingia katika Kiswahili halikugeuzwa kuwa “utura.” Lilichukuliwa zima, likatiwa katika ngeli ya N, watu wakasema “butura imekatazwa” na “kahawa ya butura.” Mtu asilione jambo hili kuwa dogo. Lugha ikilichukua neno pamoja na kiambishi chake bila kukitambua, hiyo ni dalili kwamba imelichukua kama jina la kitu kigeni kisicho na mwenzake nyumbani. Na kweli Kiswahili Sanifu hakina neno moja la tendo hili. Kila pembe ya nchi ina lake: kwa wakulima wa kahawa wa Mbinga husikika magoma, kwa wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi kangomba, ijapokuwa kangomba hutumika pia kwa ununuzi wowote wa chini kwa chini nje ya vyama. Serikali ilipoyakaza makatazo yake mwaka 2018, na kuagiza kahawa ikusanywe na vyama vya ushirika, ilibidi iyataje majina hayo ya kienyeji, kwa kuwa jina la taifa zima halikuwapo.

Ulaya nako jambo hili lilianza kwa makatazo. Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki iliundwa mwaka 1602, na hisa zake zikauzwa Amsterdam. Muda si mrefu mfanyabiashara Isaac Le Maire na wenzake wakaanza kuuza hisa ambazo hawakuwa nazo, wakitumaini kuzinunua baadaye kwa bei ya chini. Na mwezi Februari 1610 serikali ikapiga marufuku kuuza hisa asizo nazo mtu. Marufuku haikufuatwa sana. Katika majira ya baridi ya 1636 hadi 1637 Waholanzi waliuziana vitunguu vya ua la tulipu vilivyokuwa vimelala ardhini, visivyoweza kuonekana wala kupimwa, na biashara hiyo wakaiita kwa lugha yao biashara ya upepo. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa. Mwaka 2016 Tanzania nzima ilizungumza habari za “watumishi hewa,” yaani majina yaliyolipwa mishahara pasipo watu. Upepo wa Waholanzi na hewa ya Watanzania havikuambukizana; kila lugha ilijitafutia yenyewe picha ya kitu kisichoshikika, nazo zikakutana.

Waingereza walitafuta picha yao msituni. Mithali ya kale ya Ulaya yamwonya mwindaji asiuze ngozi ya dubu kabla hajamkamata dubu mwenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 18, wachuuzi wa London waliouza hisa wasizokuwa nazo wakaitwa wauza ngozi ya dubu, kisha dubu tu. Baadaye fahali akawekwa kuwa mshindani wake, na leo dubu ni yule atazamiaye bei kushuka, fahali ni yule atazamiaye kupanda. Wako watafsiri waandikao “soko la dubu” na “soko la fahali” kana kwamba wamemaliza kazi. Fahali anafahamika sana Ngara, nchi ya ng’ombe, lakini si kwa sababu ya kupandisha bei. Na dubu hayumo kabisa katika misitu ya Biharamulo. Picha iliyopoteza mithali yake ni mnyama tu. Soko la Kiswahili lina maneno yake yasiyohitaji mnyama: soko hupoa na soko huchangamka, na mtu aliyesema hivyo huko Kariakoo hueleweka Rulenge siku hiyohiyo.

Kosa jingine la watafsiri ni kubwa zaidi. Mfanyabiashara wa Kiingereza aliyeuza hisa asiyokuwa nayo husema kwamba yeye ni “mfupi,” na mwenye hisa mkononi ni “mrefu.” Mtu akiandika kwa Kiswahili kwamba fulani ni mfupi katika hisa za benki, msomaji atauliza kimo chake. Lakini ufupi huo asili yake si wa kimo. Ni wa kupungukiwa, kama mtu aliyepungukiwa na chumvi. Kiswahili sahihi ni kusema kwamba ameuza mali anayodaiwa bado.

Misemo mingine ya watu hawa wa hisa za siku moja ni ya ukatili kidogo. Yuko achunaye ngozi ya kichwa, yaani anayetwaa faida nyembamba mara nyingi kwa siku. Yuko mpumbavu ashikaye kisu kinachoanguka, yaani anunuaye hisa inayoporomoka akidhani imefika chini. Na tangu mwaka 1985 magazeti ya Kiingereza yamesema juu ya mdundo wa paka mfu, kwa kuwa hata paka aliyekufa, akiangushwa kutoka juu sana, hudunda mara moja. Ndivyo ilivyo bei iinukayo kidogo kisha ikalala moja kwa moja.

Katika misemo hii yote mwenye kusema ndiye mtenda. Yeye huchuna, yeye hushika, yeye hutupa. Sasa yatazamwe maneno ya mitaani ya Kiswahili katika shughuli hiyohiyo. Mtu aliyepewa bei ndogo kuliko haki yake amelaliwa. Aliyetapeliwa amepigwa. Aliyepoteza fedha ameliwa. Aliyenaswa ameingizwa mkenge. Vitenzi ni vya kutendwa, na msemaji ni yule aliye chini. Kutenda kwenyewe kupo, bila shaka, maana mtu husema “alinilalia”. Lakini hata hapo msemaji ndiye aliyelaliwa. Ni nadra kumsikia mtu akijisifu kwamba alimlalia mwenzake. Hivi ndivyo msamiati unavyochukua upande pasipo mtu kuamua. Lugha moja ya biashara imetungwa na wauzaji wa karatasi; nyingine imetungwa na wenye mazao na wenye vikapu.

Lipo neno moja ambalo lavunja kanuni hii, na linastahili kutazamwa zaidi. Katika soko la Kariakoo, Dar es Salaam, yuko mtu aitwaye winga, jina lililotwaliwa kutoka mpira wa miguu, kwa mchezaji akimbiaye pembeni. Winga hana duka wala bidhaa. Humpokea mteja barabarani, akapatana naye bei ya viatu, kisha akakimbia kwenye duka la mwingine kuvichukua; ile fedha iliyozidi bei ya mwenye duka ni yake, nayo huitwa cha juu. Kwa hesabu, winga afanya jambo lilelile lililofanywa na Le Maire: auza kwanza, anunua baadaye, na faida yake ni ile nafasi ya katikati. Tofauti ni muda, dakika kumi badala ya miezi. Tena jina lake halina lawama nzito. Winga hujiita winga mwenyewe.

Hilo laleta swali lenye uzito kwa watunga kamusi: mtu anunuaye hisa ili aziuze upesi aitweje? Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianzishwa mwaka 1996, na uuzaji ukaanza mwezi Aprili 1998. Mwaka 2017 kampuni ya simu ya Vodacom Tanzania iliuza kwa umma hisa zipatazo 560,000,000 kwa shilingi 850 kila moja, na siku hizi mtu aweza kununua kwa simu kwa njia ya Hisa Kiganjani, hata akiwa Rulenge. Msamiati wa msingi ni mzuri na imara: hisa na dalali kutoka Kiarabu, gawio kutoka kitenzi kugawa. Lakini kwa mtu abahatishaye bei, vitabu kadhaa hutoa neno mlanguzi.

Hapo pana hatari. Kitenzi kulangua chaweza hata leo kutumika bila lawama, kwa maana ya kwenda kununua kwa jumla ili kuuza rejareja. Jina mlanguzi silo. Mwaka 1983, katika kampeni iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, walanguzi walitiwa kundi moja na wahujumu uchumi. Watu walikamatwa, na wengine walitupa sabuni na vitambaa usiku wasikutwe navyo. Mikoa ya mipakani, yenye magendo yake ya kahawa, ililijua neno hilo kwa karibu. Mzee aliyeyaona hayo akisoma gazetini kwamba walanguzi wamechangamsha Soko la Hisa, ataelewa kwamba wezi wamelivamia. Na kijana wake aliyenunua hisa mia kwa simu atajikuta ameitwa mhalifu na kamusi.

Neno bora lipo tayari, nalo ni mchuuzi. Mchuuzi wa samaki hununua alfajiri katika mnada wa Feri, na kwa kuwa hana barafu hana budi kuuza kabla ya jioni. Hawezi kulala na mali. Hiyo ndiyo hali ya mtu wa hisa za siku moja. “Mchuuzi wa hisa” humsema bila kumtukuza wala kumhukumu, na hata mama auzaye dagaa ataelewa mara moja hofu yake ni nini.

Butura yenyewe nayo yastahili kuingizwa katika kamusi, na hapa kazi ni ngumu kuliko inavyodhaniwa, maana neno hili moja limefunika mapatano mawili. Katika la kwanza mkulima auza mazao ya miti fulani: miti ikikauka kwa jua, hasara ni ya mnunuzi. Katika la pili mkulima apokea fedha na kuahidi magunia kadhaa: miti ikikauka, deni halikauki, nalo laweza kuhamia msimu wa pili. Wasemaji husema butura kwa yote mawili, na makatazo ya serikali hayakutenga. Sheria ya Kiislamu, iliyotumika pwani kwa karne nyingi, ilitenga: matunda yaliyo mtini hayauzwi kabla wema wake haujadhihirika, lakini kulipa bei yote leo kwa kipimo kilichotajwa na siku iliyotajwa kwaruhusiwa, nako huitwa salam. Ajabu ni kwamba lile ambalo sheria hiyo yalikataza ndilo ambalo, katika mwaka wa ukame, lingemwacha mkulima wa Rulenge bila deni. Na lile iliruhusulo ndilo lenye kumfuata hadi msimu ujao. Mtunga kamusi na aandike butura kwa maana mbili, ya kwanza na ya pili, na kila moja aieleze hasara ni ya nani.