Tengeneza ukurasa wako wa intaneti, na jina liwe lako

Wafanyabiashara wenzangu, leo tuongee kuhusu ukurasa wa intaneti wa kwako mwenyewe. Siongelei akaunti ya Instagram wala status ya WhatsApp. Naongelea tovuti, ile ambayo mteja anaandika jina lako la biashara kwenye simu na inafunguka, hata kama hana akaunti popote.

Najua kuna mtu anasema, mimi nauza ndala, tovuti ya nini? Sawa. Ila jiulize wateja wako wa mtandaoni wanakupata wapi. Wengi wetu ni akaunti moja tu, basi. Hiyo akaunti ni kama meza uliyoweka kwenye kibaraza cha mtu. Unauza vizuri, kodi hulipi, lakini siku mwenye kibaraza akifunga geti huna pa kusimama. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp vilizima kwa pamoja dunia nzima kwa karibu saa sita. Na hiyo ilirudi. Kuna dada jirani yangu anauza mabegi, akaunti yake iliibiwa na matapeli wakaanza kupokea oda na hela za wateja wake. Miaka minne ya picha na wafuasi vyote vilikuwa mle, na hakuipata tena. Kilichomuuma zaidi, hakuwa na sehemu nyingine ya kuwaambia wateja "yule si mimi, namba yangu ni hii".

Ukurasa wako ndiyo sehemu hiyo. Na kwa kuanzia unahitaji ukurasa mmoja tu, hauhitaji maduka ya mtandaoni yenye vikapu na malipo ya kadi. Tovuti ya kwanza duniani, aliyoitengeneza Tim Berners-Lee pale CERN karibu na Geneva, ilifunguliwa kwa watu wote mwaka 1991 ikiwa na maandishi na viungo tu. Haikuwa na urembo wowote na watu walipata walichotaka.

Kwa hiyo kabla hujagusa simu, chukua daftari uandike. Jina la biashara. Unauza nini, kwa maneno ambayo mteja anatumia. Mimi nauza vyombo, na niliandika "sufuria, hotpoti, chupa za chai, mabeseni, jumla na rejareja", sikuandika "vifaa bora vya kisasa vya jikoni", maana hakuna mtu anatafuta hivyo. Kisha uko wapi, kama unavyomuelekeza bodaboda. Unafungua na kufunga saa ngapi. Namba ya simu. Bei za vitu vitano sita vinavyoulizwa sana (mambo ya "bei njoo inbox" hapa hapana, utamchosha mtu). Na hili wengi wanalisahau: kama unapokea malipo kwa simu au kwa Lipa Namba, andika jina litakalotokea mteja akilipa. Tapeli anaweza kuiga picha zako zote, lakini jina likitokea tofauti mteja anashtuka.

Usiweke kitambulisho chako cha NIDA, mahali unapolala, wala picha za watoto. Ukurasa unaonwa na kila mtu.

Kutengeneza kwenyewe kuna njia mbili za bure. Ya kwanza ni Google Sites. Unaingia kwa akaunti yako ya Gmail, unavuta maandishi na picha unaziweka, unachapisha. Jioni moja imeisha. Ya pili ni kuandika HTML mwenyewe, na hapa msiogope jamani, mimi nimeishia kidato cha nne na nimeiweza. HTML ni maandishi ya kawaida yaliyowekewa alama. Kichwa unakizungushia alama ya h1, aya unaizungushia p, kiungo ni a, picha ni img. Unaandika kwenye programu yoyote ya kuandikia maandishi matupu, unahifadhi faili kwa jina index.html, unalifungua kwa Chrome na unaliona, hata kama bando limeisha. Likikaa sawa unalipandisha GitHub Pages, nao wanakuwekea hewani bure. Mimi naipenda hii ya pili kwa sababu faili ni lako. Ukihama unabeba faili unaondoka.

Ukiandika mwenyewe, usisahau mstari wa viewport kule juu kabisa ya faili. Bila huo ukurasa kwenye simu unatokea herufi ndogo kama za kwenye karatasi ya dawa. Kwenye alama ya html weka pia lang="sw", inaujulisha mtandao kwamba umeandika Kiswahili.

Kitufe cha WhatsApp ni kiungo tu: https://wa.me/ halafu namba yako kuanzia 255, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mbele. Mteja akibonyeza, chati inafunguka, haihitaji hata kusevu namba.

Picha zipunguze. Picha ya simu inaweza kuwa na MB 3 au 4, ukiweka kumi umemla mteja bando lote kabla hajaona bei. Zishushe zifike KB 100 au 200, kwenye kioo cha simu tofauti haionekani. Halafu jaribu ukurasa kwenye simu ya bei ndogo, si ya kwako ile nzuri.

Sasa jina, na hapa naomba tutulie. Anwani ya bure inakuwa ndefu na ina jina la kampuni iliyokuhifadhi. Biashara ikikaa sawa, nunua jina lako, kwa hapa Tanzania linaishia na .co.tz. Linanunuliwa kwa mawakala wa usajili na linalipiwa kila mwaka. Jina ni kama kiwanja: nyumba unaweza kubomoa na kujenga upya, lakini hati inasoma jina la nani? Kuna vijana wengi wanatengenezea watu tovuti, na wengi ni waaminifu, ila wapo wanaosajili jina kwa majina yao wenyewe. Mkikorofishana, au akibadilisha namba tu, tovuti yako imeenda naye. Nimeona mtu anaambiwa alipe upya kwa jina la duka lake mwenyewe.

Fundi akikutengenezea, mmiliki aandikwe wewe, barua pepe iwe yako, na nywila ya kule kwa wakala uikabidhiwe kabla hujamaliza kumlipa. Hiyo barua pepe iwekee ulinzi wa hatua mbili, kwa sababu anayeishika anaweza kulihamisha jina. Tarehe ya kulipia andika kwenye kalenda ya dukani, ile ya ukutani. Usipolipa linaachiwa, na mwingine anaweza kulichukua.

Ukishamaliza, weka anwani kwenye risiti, kwenye mifuko, kwenye bango la fremu na kwenye wasifu wa akaunti zako zote. Wateja waizoee mapema, wakati akaunti bado ziko salama.