Pwani ya kusini mwa India kwa mfuko mwembamba

Mtu akiniuliza safari ya pwani ya kusini mwa India itamla pesa ngapi, nami humuuliza anakwenda mwezi gani. Bei ya chumba, nafasi ya treni, hata samaki wa kwenye sahani, vyote vinafuata upepo, na upepo wenyewe si mgeni kwa mtu wa Mombasa au Unguja. Ni kusi na kaskazi zetu hizi hizi.

Kusi ikikaza mwezi wa sita, huvuka ikweta, hukusanya mvuke wa Bahari ya Arabu, kisha hugonga milima ya Ghats inayokwenda sambamba na pwani ya magharibi ya India. Maji yote humwagika Kerala na Karnataka. Mvua hizo hutarajiwa Kerala karibu na tarehe 1 Juni. Kuanzia 9 Juni hadi 31 Julai serikali ya jimbo hupiga marufuku boti za kukokota nyavu ili samaki wazaliane, kwa hiyo kitoweo hupanda bei. Reli ya Konkan, inayopita pwani hiyohiyo, huingia katika ratiba ya mvua, treni zikipunguzwa mwendo kwa hofu ya maporomoko ya udongo. Ni kweli gesti za ufukweni hushusha bei, lakini vibanda vingi huwa vimefungwa na bahari haiogeleki.

Kaskazi nayo inaanza kazi upande wa pili. Oktoba hadi Desemba hunyesha Tamil Nadu, pwani ya Coromandel, na ndio msimu wa vimbunga vya Ghuba ya Bengal. Kwa hiyo pwani mbili zilizo jirani zina masika tofauti, na anayetaka kuzizunguka zote mbili kwa safari moja ana nafasi nyembamba: Januari hadi mapema Machi.

Kudharau jambo hili kumewahi kumgharimu mtu maarufu. Vasco da Gama alipoondoka Malindi Aprili 1498 akiwa na rubani aliyeijua njia, alivuka hadi jirani ya Kozhikode, ambayo vitabu vya zamani huiita Calicut, katika muda usiofika mwezi. Akageuza mwisho wa Agosti, kabla upepo haujabadilika. Kuvuka kurudi Afrika kulimchukua karibu miezi mitatu, na mabaharia wake wengi wakafa kwa kiseyeye.

Hata ndani ya Januari kuna mtego. Krismasi na mwaka mpya huongeza bei maradufu kwenye fukwe zinazojulikana. Kisha kuna mahujaji wa hekalu la Sabarimala, wanaume waliovaa nguo nyeusi wanaojaza treni za Kerala tangu katikati ya Novemba hadi katikati ya Januari. Mara inafuata sikukuu ya mavuno ya Pongal, karibu na tarehe 14 Januari, ambapo Tamil Nadu nzima hurudi vijijini. Ukisubiri wiki moja baada ya Pongal, utakuta vitanda vya treni na vya gesti vimeanza kupatikana tena. Muda huo hadi mwisho wa Februari ndio ninaoupendekeza.

Makaratasi ni machache. Viza ya kielektroniki wanapewa Wakenya na Watanzania, ila iombwe kwenye tovuti ya serikali ya India yenyewe, maana kuna tovuti nyingi za madalali zilizopambwa zifanane nayo. Kadi ya manjano usiisahau: chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika, na anayetoka nchi yenye ugonjwa huo bila kadi anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Jambo la tatu wengi hawalijui mpaka wafike mapokezi wakiwa wamechoka. Nyumba ya kulala wageni inatakiwa kumwandikisha mgeni wa kigeni kwa mamlaka ndani ya saa 24. Gesti nyingi za bei ya chini hazina mpango huo, hivyo zitakukataa ingawa vyumba viko wazi. Usidhani ni chuki. Uliza kabla ya kulipa kama wanapokea wageni wa nje.

Kwa ndege, njia ya moja kwa moja kutoka Nairobi na Dar es Salaam hushukia Mumbai, na hilo si baya, kwa sababu hapo ndipo reli ya kusini inapoanzia. Walio Oman na nchi za Ghuba wana bahati zaidi. Wafanyakazi wa Kerala wamejaa huko, kwa hiyo ndege za kwenda Kozhikode na Kochi ni nyingi na mara nyingi nauli zake ni nafuu, isipokuwa wakati wa Idi, sikukuu ya Onam ya Kerala na likizo za shule.

Sasa treni. Anayesafiri kwa pesa kidogo India bila kuielewa treni atalipa mara mbili, kwa pesa na kwa usingizi. Madaraja ni mengi, lakini yanayomhusu ni matatu. Daraja la chini kabisa tiketi yake hukatwa siku hiyohiyo dirishani, haina namba ya kiti, na mlango wake hugombewa. Linafaa kwa mwendo wa saa mbili tatu mchana. Daraja la Sleeper lina vitanda, madirisha ya nondo yasiyo na kioo cha kudumu, na feni juu. Lile liitwalo 3AC lina kiyoyozi na shuka, na bei yake ni zaidi ya mara mbili ya Sleeper.

Mimi humshauri mtu achukue Sleeper Januari na Februari, joto halijawa kali. Kila chumba kina vitanda vitatu vikitazamana na vitatu, na viwili vya pembeni ng'ambo ya ujia. Kitanda cha kati hukunjwa mchana na kuwa mgongo wa kiti cha chini. Sheria inaruhusu kulala saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Anayepewa kitanda cha chini anafurahia dirisha, lakini atakaliwa na familia nzima hadi usiku. Cha juu kabisa hakina mandhari, ila ukitaka kulala saa tisa alasiri hakuna wa kukuuliza. Chini ya viti kuna pete za chuma: nunua mnyororo na kufuli kwa wachuuzi wa stesheni, ufunge shanta lako hapo, ulale na pasipoti mwilini. Kabla jua halijatoka, muuza kahawa atapita na mtungi wa chuma wenye bomba dogo chini, na nyuma yake kijana mwenye ndoo ya vada za moto, akizitaja kwa sauti isiyopumzika. Huhitaji saa ya kukuamsha.

Tiketi ina hali tatu. Iliyothibitishwa ina namba ya kitanda. Ya RAC inakupa nusu: mnakaa wawili kwenye kitanda cha pembeni cha chini mpaka mmoja apate pengine pa kulala. Ya orodha ya kusubiri haikupi ruhusa ya kupanda behewa la vitanda. Dirisha la kuuza hufunguliwa siku 60 kabla ya safari. Zile tiketi za dharura zinazoitwa Tatkal, zinazotoka siku moja kabla, mtandaoni zinadai kitambulisho cha Kihindi, kwa hiyo usizijengee matumaini. Weka mapema treni za usiku tu. Safari za mchana za pwani ya Kerala ni fupi na mabasi ya serikali ya jimbo yanapita kila saa, siti nyingine zikiwa zimetengewa wanawake.

Ukishuka kutoka Mumbai kwa reli ya Konkan, iliyokamilika mwaka 1998 kwa kutoboa milima na kuvuka mito mingi, kituo cha kwanza cha maana baada ya Goa ni Gokarna. Ni mji wa mahujaji, na fukwe zake zimepangana kusini mwa mji, zinaunganishwa na vijia vya miguu juu ya miamba. Stesheni iko mbali kidogo na mji, kwa hiyo subiri abiria wenzako mchangie bajaji. Katika misitu ya wilaya hiyohiyo wanaishi Wasiddi, Wahindi ambao mababu zao walitoka Afrika. Usishangae ukiulizwa kama wewe ni mmoja wao. Na utaangaliwa sana, kila mahali; utaombwa picha na watu wasiokujua. Mara nyingi ni udadisi tu. Mara chache si udadisi, na hapo ni bora kuondoka kuliko kubishana.

Msomaji wa pwani yetu asiruke Kozhikode. Watalii wengi wenye mashanta huipita usiku wakienda Kochi, na kwa sababu hiyo bei zake ni za wenyeji. Katika mtaa wa Kuttichira upo Msikiti wa Mishkal, wa karne ya 14, uliojengwa na nahodha tajiri aliyeupa jina lake. Hauna mnara, una ghorofa za mbao na mapaa ya vigae yaliyopandana. Wareno waliuchoma mwaka 1510, na mbao zilizoungua bado zimo juu. Kusini ya mji, mtoni Beypore, mafundi bado wanaunda uru, majahazi makubwa ya mbao, bila mchoro wa karatasi. Fundi mkuu ana vipimo vyote kichwani, na wateja wake wa leo ni matajiri wa Ghuba wanaotaka chombo cha starehe. Chakula cha Waislamu wa hapo ni halali, cha bei nafuu, na biriani yao sina la kuisema. Ila wakati wa Ramadhani mchana hoteli zao nyingi hufungwa.

Kochi haihitaji maneno mengi. Kivuko cha serikali kutoka Ernakulam hadi Fort Kochi ni rupia chache, na boti za umeme za Water Metro, zilizoanza mwaka 2023, ni kama rupia 20 hadi 40. Anayekuuzia "safari ya bandari" kwa mamia anakuuzia maji yaleyale.

Alappuzha ndiko pesa zinakoponyoka. Boti za kulala, zile za makuti zilizogeuzwa kutoka mashua za mpunga, hukodishwa kwa maelfu ya rupia kwa usiku mmoja. Mimi nakuelekeza gatini, penye boti ya Idara ya Usafiri wa Majini inayokwenda Kottayam. Inachukua takribani saa mbili na nusu, nauli ni makumi ya rupia, na inapita ndani ya Kuttanad, ambako mpunga hulimwa chini ya usawa wa bahari huku tuta likizuia maji. Ukikaa ubavuni utaona mashamba yako chini kuliko mfereji unaopita. Boti inagusa magati madogo, wanafunzi wanashuka, mama anapanda na kuku kikapuni, bata wanafukuzwa. Hakuna boti ya kulala itakayokuonyesha zaidi ya hayo.

Varkala ina jabali jekundu juu ya ufukwe, na vyumba vya ukingoni mwake ni ghali; tembea dakika chache kuelekea bara bei ishuke. Mkondo wake una nguvu, waogeleaji hodari wamekwisha humo, basi tii bendera za walinzi. Kanyakumari, ncha ya bara, fika kwa siku moja. Kutoka hapo wengi hurudi nyuma, nami sioni sababu. Vuka Tamil Nadu hadi Rameswaram, ambako treni inapita juu ya bahari kwenye daraja jipya la Pamban lililozinduliwa Aprili 2025 kando ya lile la mwaka 1914. Mbele yake ni Dhanushkodi, mji uliofagiliwa na kimbunga cha Desemba 1964 pamoja na treni ya abiria. Kuta za kanisa na za stesheni bado zimesimama mchangani. Kisha mabasi yanakupandisha hadi Puducherry na mahekalu ya mawe ya Mahabalipuram, na Chennai ndio mwisho wa safari.

Kula wanapokula madereva. Mlo wa adhuhuri unaoitwa "meals", kwa rupia kama 80 hadi 150, huwekwa juu ya jani la mgomba, na wali, sambari na mboga huongezwa mpaka ukunje jani. Asubuhi kuna idli, dosa, na paniyaram ambazo ni vitumbua vyetu, hata chuma cha kupikia ni kilekile chenye vishimo. Chai ni rupia 10 hadi 15. Wahindi hulipa kwa simu, lakini mfumo wao kwa kawaida hutaka akaunti ya benki ya huko, kwa hiyo tembea na noti ndogo. Muuza chai hana chenji ya 500.

Kitanda cha bwenini rupia 400 hadi 700, chakula 300, nauli mia au mia mbili: ni kama rupia 800 hadi 1,200 kwa siku. Kwa viwango vya karibuni hiyo ni kama shilingi 1,200 hadi 1,800 za Kenya, au 22,000 hadi 34,000 za Tanzania. Anayetaka kuondoka mwishoni mwa Januari achanjwe mapema na aanze kukata treni zake za usiku mwanzo wa Desemba. Hayo mengine yatasubiri mpaka afike.