Mchezo wa Midimu

Leo tusome habari za mchezo unaochezwa huku Newala, mvua zikiisha na mtama ukiwa ghalani, vijana wanapotoka jandoni. Wamakonde huuita midimu.

Mchezaji huvaa kinyago. Kimechongwa kwa mti mwepesi. Mwili wote umefunikwa nguo. Hasemi neno. Ngoma ndizo zinazomwongoza, naye huigiza: mara mzee, mara mwanamke, mara mgeni mwenye majivuno. Watu hucheka wakashika mbavu.

Zamani wanawake na watoto waliambiwa kwamba huyo si mtu, ni mzimu. Wanawake wengi walijua, wakanyamaza. Mimi naona hapo ndipo penye utamu.

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alifika Masasi na Newala, akanasa nyimbo na ngoma kwa mashine.

Lakini mzazi, angalia siku. Jando likiangukia wakati wa masomo, mtoto hukosa darasa. Kaeni mapema na wazee na mwalimu, mchague siku za likizo.

Sasa fungueni madaftari. Andikeni: kinyago, jando, likizo.