Sabuni na Vipodozi Vyenye Mkaa: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua

Mkaa si kitu kigeni Ufipa. Wafua chuma wa kale waliutumia katika malungu, yaani tanuri refu za udongo za kuyeyushia mawe ya chuma, na hadi leo majiko mengi ya Sumbawanga huwashwa kwa mkaa. Hata hivyo, mkaa unaotajwa kwenye sabuni nyeusi na barakoa za uso ni wa namna nyingine. Mtumiaji asiyeijua tofauti hiyo anaweza kupoteza fedha zake na kuidhuru ngozi yake.

Mkaa ulioamilishwa ni nini?

Ni mkaa wa mbao, vifuu vya nazi au malighafi nyingine kama hizo, uliopashwa joto la nyuzi 800 hadi 1,000 za Selsiasi, mara nyingi pamoja na mvuke. Joto hilo hufungua vitundu vidogo mno, hata gramu 1 ya unga wake ikawa na eneo la mita za mraba 1,000 hivi. Kemikali nyingi hunata juu ya eneo hilo. Ndiyo sababu mkaa huu hutumika kuchujia maji, na hospitalini hupewa baadhi ya wagonjwa waliomeza sumu.

Je, unaisaidia ngozi?

Ndani ya sabuni, vitundu vingi huzibwa na mafuta ya sabuni yenyewe, na povu hukaa usoni kwa muda mfupi tu. Kinachoondoa uchafu hasa ni sabuni. Ushahidi wa kitaalamu kwamba mkaa hutibu chunusi ni mchache. Mkaa hauifanyi ngozi kuwa nyeupe, wala hautoi sumu mwilini kupitia ngozi.

Tahadhari

• Usisage mkaa wa jikoni ukajipaka. Chembe zake hukwaruza ngozi, majivu yake huiwasha, na huweza kubaki na masalia ya lami yenye madhara.

• Nyanda za juu za Ufipa huwa na baridi na upepo mkavu, hasa Juni na Julai. Sabuni inayokausha mafuta ya ngozi huzidisha mipasuko. Punguza matumizi yake majira hayo, na ujipake mafuta ya mgando mara baada ya kuoga.

• Barakoa ya kubandua huweza kung'oa vinyweleo pamoja na ngozi ya juu. Usiitumie kwenye kidonda wala karibu na macho.

• Bidhaa inayoahidi kung'arisha ngozi kwa siku chache itiliwe shaka, hata ikiwa imeandikwa “mkaa asilia”. Zebaki na haidrokwinoni, zinazotumika kuchubua ngozi, zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini. Zebaki hudhuru figo.

Unaponunua

Tangu mwaka 2019, usimamizi wa ubora na usalama wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Iwe dukani mjini au mnadani kijijini, soma lebo: itaje jina na anwani ya mtengenezaji, viambato, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Usinunue bidhaa iliyopunguzwa kwenye chupa au mfuko usio na lebo. Dai stakabadhi. Kabla ya kuitumia usoni, jaribu kiasi kidogo mkononi na usubiri siku 2.

Ukipata madhara

Ngozi ikiwasha, ikivimba au ikibadilika rangi, acha kutumia bidhaa hiyo na uoshe kwa maji mengi. Nenda kituo cha afya kilicho karibu ukiwa na kopo au kifungashio chake, ili mhudumu aone viambato. Kisha toa taarifa TBS au kwa afisa afya wa eneo lako, ukiambatanisha stakabadhi. Taarifa yako huweza kumwepusha jirani yako na madhara yaleyale.