Je, Wajua? Seva Hai Isiyoonekana
Umeme unapopotea na kurudi mtaani Dagoretti Corner, ruta huweza kuipa seva ya nyumbani, yaani kifaa kinachotunza faili za jamaa wote, anwani mpya ya mtandao, huku kompyuta ikiendelea kubisha hodi kwenye anwani ya zamani. Tiba ni kuitengea seva anwani ya kudumu katika mipangilio ya ruta. Kigumu zaidi ni suala la itifaki, yaani kanuni za mazungumzo baina ya vifaa: toleo la 1 la SMB (itifaki ya kushirikiana faili mtandaoni), ambalo udhaifu wake ulitumiwa na programu hasidi ya WannaCry mnamo Mei 2017, lilianza kuondolewa katika Windows 10 Oktoba mwaka huo, hivyo seva kuukuu isiyojua toleo jingine haifunguki ingawa taa zake zinawaka. Kulirudisha toleo hilo kunawezekana, ila ni hatari. Kusasisha programu ya seva ni salama zaidi.